Kuingia darasani chuoni: lazima au hiari? Majibu kwa maswali yenu

Maswali ya mahudhurio yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyo nayo, na karibu nusu yanauliza jambo moja: kama mtu anafaulu, kuna ubaya gani asipoonekana darasani? Nimechagua machache yanayogusa mengine. Aliyeniuliza namna ya kuchezea mashine ya alama za vidole asisubiri jibu.

Chuo kina haki gani ya kunizuia kufanya mtihani eti mahudhurio yangu ni asilimia 68, na ada nimelipa yote? (Mwaka wa pili, biashara)

Haki hiyo ulikipa mwenyewe siku uliyosaini fomu za kujiunga. Ada inakupa nafasi ya kufundishwa na kupimwa kwa masharti yaliyoandikwa, basi. Kabla hujaandika barua ya malalamiko, fungua kanuni za mitihani za chuo chako, siyo stori za bwenini, uangalie kiwango ni kipi, nani anahesabu, na utetezi unapelekwa kwa nani na mwisho lini. Wengi wanaokataliwa rufaa walikuwa na sababu nzuri tu. Kilichowaangusha ni cheti cha hospitali kupelekwa baada ya orodha ya waliozuiwa kubandikwa ukutani.

Na hesabu ifanywe mapema. Somo la vipindi 2 kwa wiki, kwa wiki 15, lina vipindi 30. Kiwango kikiwa asilimia 75 unatakiwa uwepo kwenye vipindi 23, kwa hiyo unavyoweza kukosa ni 7 tu. Vinavyoisha inajulikana: viwili vya wiki ya kwanza kwa kuwa "bado hawajaanza kufundisha", vitatu vya asubuhi baada ya kukesha, kimoja cha mvua. Katikati ya muhula kimebaki kimoja. Halafu mtu anaugua kweli wiki mbili, na ndipo anapogundua kwamba akiba yake aliilalia.

Rafiki yangu anafanya kazi asubuhi, ananiomba nimsainie. Ni kosa kubwa?

Ndiyo. Ni udanganyifu, na vyuo vingi vinawaadhibu wote wawili, aliyesaini na aliyesainiwa. Swali hili nimelijibu mara nyingi na jibu halijabadilika. Rafiki anayekupenda hakuombi uweke shahada yako rehani kwa ajili ya usingizi au mshahara wake.

Mimi ni mhadhiri. Kitivo chetu kinataka kulazimisha mahudhurio kwa wanafunzi wote. Utafiti unasemaje hasa?

Utafiti una pande mbili, na kwenye vikao watu huchukua upande mmoja tu. Mwaka 2010 Marcus Credé na wenzake walikusanya tafiti nyingi za wanafunzi wa vyuo, wakakuta kwamba mahudhurio yanatabiri alama za chuoni kuliko mitihani ya kujiunga, kuliko alama za sekondari, kuliko hata mazoea ya kujisomea. Hilo kila mtu hulinukuu. Lisilonukuliwa limo kwenye kazi hiyohiyo: kanuni ya kulazimisha mahudhurio huinua alama kidogo tu. Sababu haijajificha. Anayeingia darasani kwa hiari mara nyingi ndiye huyohuyo anayefanya mazoezi, anayeuliza, anayekaa maktaba. Ukimkamata asiyetaka ukamketisha kwenye kiti, umepata mwili wake.

Lipo jaribio lililokwenda mbele zaidi, nalo lilichapishwa 2010, la Carlos Dobkin na wenzake. Walioangukia nusu ya chini kwenye mtihani wa katikati ya muhula walilazimishwa kuhudhuria, wa nusu ya juu wakaachwa huru. Watafiti wakawalinganisha wale waliokuwa karibu kabisa na mstari, huku na huku, ambao kwa uwezo hawakutofautiana. Waliolazimishwa walifanya vizuri zaidi mtihani wa mwisho. Lakini Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 2021, wanafunzi wa mwaka wa pili waliokuwa na alama ndogo za mwaka wa kwanza walilazimishwa kuhudhuria mwaka mzima. Mahudhurio yakapanda. Alama hazikupanda.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao najua utawaudhi baadhi ya wakuu wa idara, ni huu: mwaka wa kwanza iwe lazima, kwa sababu mwanafunzi ametoka kwenye shule ya kengele na viranja na bado hajui kujipangia saa zake. Maabara, mafunzo kwa vitendo na semina ndogo iwe lazima miaka yote, maana huko kuwepo ndiko kujifunza kwenyewe. Mihadhara ya miaka ya juu iachwe iwe hiari, na anayeikosa abebe matokeo yake. Kanuni moja kwa wote ni rahisi kuisimamia, ndiyo maana vitivo vinaipenda.

Naruhusiwa kutoa alama 10 kwa kuhudhuria tu? (Mhadhiri mwingine)

Kama kanuni za chuo zinaruhusu, unaruhusiwa. Mimi nakusihi usitoe. Alama iseme mwanafunzi anajua nini. Ukizigawa kwa kukaa kwenye kiti unamdanganya mwajiri, na unamdanganya mwanafunzi mwenyewe. Weka maswali mawili mafupi ya kuandika mwanzoni mwa kipindi, juu ya yale ya kipindi kilichopita. Wataingia, tena watakuwa wamesoma.

Mhadhiri wetu anasoma slaidi neno kwa neno, kisha anazituma kwenye kundi la darasa. Kwa nini niende? (Mwaka wa tatu)

Kwa nusu ya jibu niko upande wako. Darasa hilo tunalijua. Mhadhiri ameugeukia ukuta, anasoma mstari wa tatu, mtu wa nyuma yuko mstari wa sita kwenye simu yake, na karatasi ya mahudhurio inazunguka ikiwa ndicho kitu pekee kinachosubiriwa. Ikishapita safu yako unaona mabegi yanafungwa. Kulazimisha mahudhurio hapo ni kumlinda mhadhiri asijue kwamba hafundishi. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye madarasa ya mhadhara mtupu waliofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ambayo wanafunzi walifanyishwa kazi, wakajadiliana na kuulizwa, walikuwa asilimia 21.8. Chuo kinachotaka ukumbi ujae kianze na namba hizo kabla ya kununua mashine ya alama za vidole. Nanyi mkipewa fomu za kutathmini wahadhiri mwisho wa muhula, msizijaze kwa kupitisha mstari mmoja "nzuri sana" kutoka juu mpaka chini ili mwahi kuondoka.

Nusu ya pili haitakupendeza. Madesa, yaani slaidi na notsi zinazopokezanwa, yanakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hukuacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006: wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia waliongoza walipopimwa dakika 5 baadaye; baada ya wiki, walioongoza ni wale waliosoma, wakafunga karatasi, wakajilazimisha kukumbuka. Basi kama umeamua kutokwenda, saa ile ya kipindi itumie hivyo hasa: funga slaidi, andika unachokumbuka, kisha linganisha. Ukiitumia kulala, usije kuniandikia wakati wa sapu, ile mitihani ya marudio.

Kwa nini sisi wa uuguzi hatuachiwi hata saa moja ya wodini wakati wenzetu wa fani nyingine wanatega wanavyotaka?

Kwa sababu wenzako wakikosea, karatasi ndiyo inayoharibika. Umoja wa Ulaya umeandika hata saa kwenye sheria: muuguzi wa huduma za jumla anatakiwa kupata mafunzo ya saa 4,600 kwa uchache, na angalau nusu yake yawe kwa wagonjwa. Saa ya wodini haina desa. Ukiikosa, ilipwe kwa saa nyingine ya wodini, siyo kwa insha.

Mwanangu yuko mwaka wa kwanza. Nikipiga simu chuoni hawaniambii kama anaingia darasani, na ada nalipa mimi. (Mzazi)

Mzazi mwenzangu, machungu yako nayaelewa, lakini chuo kinamhesabu mwanao kama mtu mzima. Marekani hili liko kwenye sheria tangu 1974: mwanafunzi akishajiunga na chuo, haki juu ya rekodi zake za masomo zinahamia kwake, hata akiwa analipiwa. Zungumza naye mwenyewe. Usimuulize "unaingia darasani?" maana atakujibu ndiyo. Muulize wiki hii amefundishwa nini, umwache akueleze. Anayeingia ataeleza mpaka uchoke.

Nimepata viza ya masomo Uingereza. Ni kweli huko mahudhurio ni hiari?

Kwa mwenye viza, usijaribu. Chuo kinachokudhamini kinatakiwa kufuatilia ushiriki wako, na ukipotea kinaweza kusitisha udhamini, na viza ikaondoka nao.

Tangu wiki ya nne sijaingia darasani. Siyo uvivu, mwalimu. Naamka, navaa, nafika mlangoni, narudi. Sasa naona aibu, wataniuliza nilikuwa wapi.

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote.

Kwanza, darasa la watu wengi halikutazami kama unavyohofia. Atakayekuuliza atauliza mara moja, utamjibu "sikuwa vizuri", na yataisha. Pili, andika leo kwa mshauri wako wa masomo au mlezi wa wanafunzi. Sentensi tatu zinatosha: lini uliacha, nini kinakutokea mlangoni, na kwamba unataka kurudi. Ulizia huduma ya ushauri nasaha ya chuo, na ulizia pia utaratibu wa kuahirisha muhula. Kuahirisha kuna tarehe ya mwisho. Anayeahirisha kwa utaratibu hurudi. Anayetoweka kimya mara nyingi huhesabiwa amefeli, na wapo wanaodisko, yaani kuondolewa masomoni, kwa namna hiyo huku walikuwa wagonjwa. Kama mawazo yamefika kwenye kutaka kujidhuru, usingoje ofisi zifunguliwe: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, usikae peke yako.

Nanyi wahadhiri mnaosoma hapa, hii ndiyo kazi ya rejista ninayoitetea kwa moyo wote. Mtu ametoweka wiki ya nne. Wiki ya tano awepo wa kumpigia simu. Kumhifadhia ile nafasi tupu mpaka mwisho wa muhula ili azuiwe mtihani hakumsaidii yeyote.

Kesho chagua kipindi kimoja tu, cha somo unalolipenda. Ukiishia mlangoni tena, usirudi bwenini. Nenda kwa mshauri, umwonyeshe ulichoniandikia.