Uliza Fundi: Kwa baiskeli kwenye njia ya Thomson

SWALI: Sisi ni vijana wanne. Desemba tunataka kufuata kwa baiskeli njia aliyopita Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti, mwaka 1883 hadi Ziwa Viktoria. Tuanzie wapi, na blakmamba zetu, zile baiskeli nzito zisizo na gia, zitamudu? – Wanne, Nakuru

JIBU: Nakuru si mahali pa kuanzia. Thomson alipotoka Naivasha alizungukia Laikipia ili auone Mlima Kenya, ndipo akateremka Baringo. Pigeni kilomita 100 hivi hadi Marigat kama mazoezi, hesabu ianzie hapo, jirani na Njemps ambako misafara ya Pwani ilikuwa ikipumzika na kununua chakula. Kutoka hapo alivuka milima ya Tugen, bonde la Kerio, ukingo wa Elgeyo na uwanda wa Uasin Gishu, ambao wakati huo haukuwa na watu, akapitia Kabras hadi kwa chifu Sundu, Mumias ya leo. Barabara iliyo karibu zaidi na njia hiyo ni Marigat, Kabarnet, Tambach, Iten, Eldoret, Turbo, Webuye, Malava.

Kinachochosha si kilomita. Marigat iko mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari, Kabarnet karibu 2,000. Kisha mnaporomoka tena hadi kwenye daraja la Kerio, na kutoka hapo mnapanda hadi Iten, mita 2,400. Blakmamba yenye friwili (gurudumu la meno la nyuma linalovutwa na mnyororo) ya meno 18 itawamaliza magoti. Wekeni ya meno 22 na muongeze viungo viwili vya mnyororo, la sivyo gurudumu la nyuma halitafika mahali pake. Hata hivyo, kabla ya Tambach mtasukuma, na si aibu; wapagazi wa Thomson walipanda huko na mizigo kichwani.

Kota pini mpya, ile inayoshikilia mkono wa pedali, ikazwe tena baada ya kilomita 30 au 40: pigilia kwanza kwa nyundo, upande wa pili ukiwa umeegemezwa kwenye kitu kigumu, halafu ndipo ukaze nati. Wanaoivuta kwa nati peke yake huharibu nyuzi, na mkono wa pedali unaendelea kugonga. Bebeni mbili za akiba, na spoki sita za gurudumu la nyuma, maana huko ndiko mzigo unakokaa na ndiko spoki hukatika, hasa zikiwa zimelegea. Kuanzia Webuye mafundi wamejaa, kwani magharibi ndiko bodaboda za baiskeli zilikoanzia. Kati ya Marigat na Iten jitegemeeni. Na kabla ya kushuka Kerio, ulizeni hali ya usalama kituo cha polisi Kabarnet. Msipite huko usiku.

SWALI: Nilikuwa nateremka kutoka Kabarnet, tyubu ikaisha upepo ghafla. Sikuona msumari wala mwiba. – Msomaji, Iten

JIBU: Tazama tyubu yenyewe. Ukikuta kiraka kimebanduka ukingoni, ni joto: ulishika breki mfululizo, rimu ikachemka, solushoni, yaani gundi ya kiraka, ikalainika. Ikiwa imechanika kwenye shina la vali, upepo ulikuwa mdogo, kwa hiyo kila uliposhika breki tairi lilitambaa juu ya rimu na kuivuta vali. Matundu mawili sambamba ni shimo la barabarani.

Breki hubanwa kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachiliwa kabisa. Simama mara kwa mara, udondoshe matone mawili ya maji kwenye rimu. Yakitoa sauti ya kukaanga, subiri. Usiimwagie chupa nzima. Na tyubu yenye kiraka cha jana isiende kwenye mteremko huo, weka mpya.

SWALI: Miiba ya Marigat inazuiwa vipi? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwingi ni mwiba wa mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuokoa ardhi isigeuke jangwa. Ncha yake hukatikia ndani ya tairi, kwa hiyo ukiziba tyubu na kuirudisha, inatobolewa palepale. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitakaponasa, ndipo ilipo, ing'oe kwa koleo. Kinga rahisi ni tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu na kutandikwa kati ya tairi na tyubu nzima. Uzito unaongezeka, lakini ukishafika Kabarnet unaweza kuitoa. Usiegeshe baiskeli nje ya lami.

SWALI: Je, tunaweza kumalizia Kisumu? – Mwalimu huyohuyo

JIBU: Mnaweza, lakini hiyo ni njia ya reli, iliyofika hapo mwaka 1901. Thomson alilifikia ziwa upande wa Busia ya leo. Kutoka Mumias shikeni Butula, Bumala, Funyula, hadi Sio Port. Angalieni trela za miwa: ya nyuma huyumba, na mabua yanayoning'inia hupiga mtu aliye pembeni. Ikikaribia, ondokeni barabarani.