Mtaje paka kabla daktari hajakuuliza

Daktari hawezi kumwona paka wako akiwa chumbani mwake. Mtaje wewe, na useme ni lini alikukwaruza au kukung'ata, kwa sababu tarehe hiyo inaweza kufupisha safari nzima ya vipimo.

Mimi nilivimba tezi kwapani, ikauma kila nikiinua mkono, na homa ikawa inakuja na kuondoka. Tulifikiria kifua kikuu cha tezi, tukafikiria saratani. Mambo yalibadilika nilipoeleza kwamba wiki chache kabla paka wangu mchanga alinikwaruza mkono uleule, pakaota kipele. Kipimo cha kingamwili katika damu kilionyesha bakteria aitwaye Bartonella henselae. Paka humpata kutokana na viroboto, na kinyesi cha viroboto kikinasa kwenye kucha, mkwaruzo mmoja unatosha. Kipele hutoka baada ya siku 3 hadi 10, kisha tezi za upande huohuo huvimba wiki 1 hadi 3 baadaye. Mwenye kinga imara mara nyingi hupona, ingawa uvimbe unaweza kukaa miezi. Mwenye kinga dhaifu asisubiri hata kidogo.

Kung'atwa ni habari nyingine. Jino la paka ni jembamba, huingia ndani na tundu likajifunga juu. Mkono ukivimba na kuwaka maumivu ndani ya saa 24, shuku Pasteurella, bakteria wa mdomoni mwa paka, nenda siku hiyohiyo. Lakini kwanza osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huambukiza kichaa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Ukiona duara linalowasha kwenye ngozi, usipake krimu ya steroidi: huficha choa, yaani fangasi wa ngozi, kikaendelea kutambaa. Maabara hukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini. Paka naye apimwe, hata kama manyoya yake yanang'aa.

Kwa mjamzito, hofu ni toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kingamwili za IgM, zile zinazotokea mwanzoni mwa maambukizi, zinaweza kubaki damuni miezi mingi, hivyo jibu chanya peke yake halithibitishi maambukizi mapya; omba kipimo cha kuhakikisha. Wala usimfukuze paka. Mayai ya kimelea kwenye kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuambukiza, basi mtu mwingine asafishe choo cha paka kila siku, na nyama iive vizuri.