Mume wangu huikimbia EastEnders, nifanyeje?

*Shikamoo Shangazi. Naishi Leicester na mume wangu, sote ni watu wa Tanga, tuna watoto watatu. Jioni napenda kutazama EastEnders, ile tamthilia ya televisheni ya hapa Uingereza, lakini ikifika hadithi ya Kat Slater mume wangu huinuka akaondoka. Mwezi uliopita nilikuwa natazama kwenye simu kile kipande cha zamani, Kat anamwambia Zoe, aliyedhani Kat ni dada yake, kuwa yeye ndiye mama yake. Mume wangu akaninyang'anya simu, akaibamiza ukutani, akaenda kulala chumbani kwa mwanetu wa kiume. Shangazi yake aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, naogopa kichaa kimemfikia. Halafu ni mchoyo kwa ndugu zake. Baba yake mdogo aliyemlea anataka kuja kututembelea, mimi na wifi zangu tumeshachanga tiketi, yeye amekataa katakata na sababu hasemi. Nimewaeleza dada zangu kwenye grupu la WhatsApp, wanasema nirudi nyumbani. – Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Kubamiza simu ukutani ni kosa, na pole kwa hofu uliyoipata. Siku mkono ukielekea kwako, usingoje jibu langu, toka na watoto. Baada ya hapo, huruma yangu inahamia kwa mumeo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Simu umeieleza kwa kirefu, kisha baba mdogo ukamtia kwenye kapu la uchoyo na kupita. Mimi hapo ndipo moyo uliponidunda.

Hebu kumbuka ugomvi ule wa mwaka 2001 ulianzia wapi. Zoe alitaka kwenda Uhispania kukaa na Harry, ndugu wa Charlie babake Kat, ami anayekaribishwa mezani kwa furaha. Kat akakataa. Sababu hasemi, anakataa tu, mpaka binti anamwona ana roho mbaya. Ndipo likamtoka: Harry alimharibu akiwa na miaka 13, na Zoe ndiye mtoto aliyezaliwa. Uliangalia hayo ukamwonea Kat huruma. Sasa nyumbani kwako kuna mtu anakataa ami asiingie, sababu hasemi, nawe unamwita mchoyo. Na usiku ule, kati ya vyumba vyote, alikwenda kulala kwa mwanawe wa kiume. Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako.

Siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa, maana sikuwepo. Ila usiniambie hayo ni ya wasichana tu. Uchunguzi uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Huyo mmoja kwetu hasemi. Akisema ataambiwa si mwanamume, na kama aliyemtenda ndiye aliyekuwa akimlipia ada, ataambiwa hana shukrani.

Na hilo la Mirembe ulifute. Umechanganya mambo mawili ambayo tamthilia yako yenyewe imeyatenganisha. Jean na binti yake Stacey wana baipola, ugonjwa unaompandisha mtu mpaka halali, kisha unamwangusha mpaka hainuki kitandani. Huo huweza kwenda na damu. Stacey alipojifungua Arthur alichanganyikiwa hata akaamini amemzaa mwana wa Mungu. Alitibiwa, akarudi kulea wanawe. Kat ni wa ukoo uleule, lakini chake ni kidonda cha utotoni. Kidonda kama hicho kinaweza kuleta sonona na hasira za ghafla, navyo vina tiba. Kumwita kichaa mtu anayetetemeka kwa alichokumbuka ni kumpiga palepale panapouma.

Siku hizi ndoa zetu tumezigeuza vipindi. Mume akinuna asubuhi, adhuhuri dada watatu na shoga wawili wameshatoa hukumu. Zamani mwali alifundwa kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Sisemi mwanamke afiche kipigo, hilo sitalisema kamwe. Lakini maumivu ya mumeo si yako kuyagawa. Waandikie dada zako leo kwamba ulikosea, na lisiendelee.

Wala usimkalishe kitako umuulize alifanywa nini. Hapo tamthilia imekudanganya: ukweli hutoka kwa ukelele mmoja barabarani, ngoma za kufunga kipindi zikapigwa, kesho tukaendelea. Kwa watu wa kweli huweza kuchukua miaka, na wengine hawasemi kwa mke kabisa, husema kwa mgeni. Daktari wenu wa familia anaweza kumwelekeza kwa mshauri, na huko Uingereza kuna NAPAC, wanaosikiliza watu wazima walioumizwa utotoni. Liandike jina hilo kwenye karatasi, liweke pale anapoweka funguo, usiliulizie.

Bado tiketi. Wapigie wifi zako wiki hii, warudishiwe fedha zao, na lawama uibebe wewe: waambie nyumba ni ndogo, watoto wana mitihani, lolote. Kisha jioni, simu ikiwa mbali, mwambie mumeo: "Baba mdogo haji. Nimekataa mimi." Usiongeze neno. Mwandalie chai, ukae naye.