Mbwa mlinzi katika shamba la zabibu

SWALI: Daktari, ninalima zabibu Hombolo, mkoani Dodoma. Mbwa wetu, Simba, hulinda shamba usiku, na tangu vishada viive nimemwona akiokota zabibu zilizodondoka. Jirani anasema tunda haliwezi kumdhuru mnyama. Juzi pia alitoka akiyumba katika chumba tunamochachushia mvinyo, ingawa mimi niliyesimama humo sikuhisi lolote. Je, ni zile zabibu?

JIBU: Ndugu msomaji, litazame shamba lako kutoka kimo cha mbwa. Wewe unaviona vishada vilivyoning'inia. Yeye ananusa tunda tamu lililopasukia mchangani, karibu kabisa na pua yake, na usiku kucha hakuna wa kumkataza.

Jirani yako amekosea, na kosa hilo huua. Zabibu mbichi, zabibu kavu na hata machicha yanayobaki baada ya kukamua huweza kuharibu figo za mbwa, wala hakuna kiasi cha kukiita salama, kwa kuwa mmoja hula nyingi asidhurike na mwingine huugua kwa chache tu. Tangu 2021 wataalamu wa sumu nchini Marekani wanaishuku asidi ya tatariki, ambayo imo kwa wingi katika zabibu. Kwa kawaida mbwa hutapika ndani ya siku moja, hulegea na kukataa chakula. Figo zikishindwa kazi, mkojo hupungua hadi kukatika. Sumu hii haina dawa ya kuiondoa mwilini, hivyo usingoje dalili: mpeleke kwa daktari wa mifugo mara tu anapokula, ili atapishwe na kuwekewa dripu. Usimnyweshe maji ya chumvi, kwani chumvi nyingi nayo humdhuru.

Kuhusu kuyumba, nashuku zaidi hewa ya chumba kile. Juisi ikichacha hutoa kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutanda sakafuni, mahali pua ya Simba ilipo. Karibu na Naples, Italia, kuna pango liitwalo Grotta del Cane, ambamo wageni wa zamani walionyeshwa mbwa akizirai kwa hewa hiyohiyo itokayo ardhini huku mtu aliyesimama kando yake akiwa mzima. Yalikuwa maonyesho ya kikatili, nami huyasimulia kwa uchungu, lakini yanaeleza vizuri yaliyompata mbwa wako. Ukimkuta ameanguka humo, usiingie na kuinama kumwinua kabla ya kufungua milango na kuipa hewa nafasi ya kutoka, maana ukiinama kichwa chako nacho kitazama ndani yake.

Hata hivyo, kwa kuwa amekula zabibu, apimwe figo wiki hii. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na hatari hii hurudi kila msimu. Kwa hiyo okoteni zabibu zilizodondoka kila jioni kabla ya kumfungulia, mlisheni ashibe, na mlinzishe nje ya uzio, ambako ndiko wezi huanzia. Machicha yafukieni kwenye shimo refu, msiyarundike mahali anapopita.