Ramani ya simu ilinipeleka kwenye geti la ndege, ningeweza kupita kweli?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni dereva, nabeba abiria wanaoita kwa simu, nakaa Gongo la Mboto na kazi hii nimeianza juzi juzi tu. Wiki iliyopita saa 7 usiku, mvua inanyesha, mama mmoja kashuka kutoka Dubai anataka nimchukue teminali 3 ya uwanja wa ndege wa hapa Dar es Salaam. Mi barabara ya Nyerere napita kila siku lakini kule ndani najua teminali 2 peke yake, basi nikaweka ramani ya simu ikaniingiza njia ya pembeni, nikawa naona taa za jengo kwa mbele nikanyoosha tu, kumbe nimetokea kwenye geti la magari ya kazi. Mlinzi akanimulika tochi, akaniuliza unaenda wapi, akaandika namba ya gari akaniambia geuza. Toka siku hiyo sina amani, naona kama wataniita. Je nimefanya kosa? Na je lile geti lingekuwa wazi ningejikuta kwenye ndege? Mke wangu anasema haiwezekani, eti hapo ni ulinzi tupu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza lala usingizi. Ulifika getini ukasimama, ukaulizwa ukajibu ukweli ukageuza, hapo hujavunja sheria yoyote. Kosa ni kupita bila kibali ukaingia eneo lililozuiwa, hilo ni kosa la kisheria kabisa na kusema "simu ndo imeniambia" hakukuokoi. Kuandika namba ya gari ni kazi ya mlinzi, gari ngeni saa 7 usiku asipoiandika ndo ningeshangaa.

Sasa kwa shemeji hapo naomba nimpinge kwa heshima, inawezekana na imeshatokea. Septemba 2013 kule Fairbanks, Alaska, Marekani, madereva wawili kwa nyakati tofauti, hazikupita hata wiki tatu kati yao, walifuata ramani ya Apple Maps wakaingia na magari yao hadi ndani ya uwanja, wakakatiza njia ya kurukia ndege, hii tunayoiita ranwei, wakatokea upande wa pili kwenye jengo la abiria. Hakuna aliyeumia. Lakini kuna kitu hapo nataka ukishike vizuri: ramani yenyewe haikuwaambia vukeni. Iliwafikisha kwenye barabara ndogo inayopitisha ndege kwenda ranwei, ikaishia hapo. Wao wakainua macho wakaona jengo lile pale ng'ambo, wakanyoosha. Si ndo ulivyofanya na wewe, umeona taa ukanyoosha? Na mabango ya kuzuia yalikuwepo njiani, waliyapita. Uongozi wa uwanja ikabidi uweke vizuizi kwenye ile njia wakati wanasubiri ramani irekebishwe.

Mtu akiwa anasikiliza simu anaacha kusoma bango, mimi hili naliona kila siku mjini. Alafu kule ndani usiku kunadanganya sana, lami pana safi, hakuna tuta wala kituo cha daladala, pembeni kuna taa za bluu zinapendeza, mgeni anaona kaingia barabara mpya. Sasa kaa ukijua, taa za bluu pembeni ni njia ya ndege kutembelea, na taa nyeupe pembeni ni ranwei yenyewe. Bango jekundu lenye maandishi meupe maana yake hapa hupiti mpaka mnara wa kuongozea ndege ukuruhusu. Namba zake nazo sio za barabara, mfano ranwei kubwa ya hapa kwetu inaitwa 05/23, ni uelekeo wa dira, nyuzi 50 ukienda huku na 230 ukirudi.

Na hatari yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndege ya abiria inayokaribia kuruka inakimbia kama kilomita 250 kwa saa, yaani kila sekunde inakula karibu mita 70, rubani hana pa kukukwepea. Novemba 2022 pale Lima, Peru, gari la zimamoto la uwanja wenyewe, watu wa kazi wanaopajua, liliingia ranwei wakati ndege ya LATAM inakimbia kuruka, zikagongana. Abiria wote walitoka hai lakini wazimamoto walikufa. Sasa wewe na gari yako ndogo, huna redio, hakuna anayejua kama upo, inaniumiza hata kuwaza.

Ikitokea umeshaingia, maana binadamu tunakosea, usianze kutafuta njia ya kutokea mwenyewe. Kama uko kwenye ranwei toka haraka pembeni, ukishatoka simama, washa hazadi na taa zote uonekane, piga 112 useme uko wapi, subiri gari la uwanja lije. Usipite nyuma ya ndege iliyowasha injini, upepo wake unapindua gari.

Na ukipigiwa simu tena muulize mteja kabla hujawasha gari, ndege ya nje au ya ndani? Za nje nyingi ni teminali 3, za ndani teminali 2, vile vindege vidogo vya kukodi ni teminali 1 ya zamani.

SWALI: Kaka habari ya kazi. Mbona kuna magari tunayaona yanazunguka kabisa chini ya ndege, yale yanaruhusiwaje? Dada wa Kipawa.

JIBU: Nzuri dada yangu. Wale madereva wamesomea kuendesha humo ndani na wana kibali chake, leseni ya kawaida peke yake haitoshi. Gari linakuwa na taa ya kuzunguka juu, mwendo ni mdogo, na anayetaka kugusa ranwei lazima aombe mnara kwa redio, akiambiwa subiri anasubiri hata kama haoni ndege yoyote angani.