Kusoma Uhandisi Mitambo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki: Usiyatenge Masomo ya Maadili

Wanafunzi wanaoniomba ushauri kuhusu kusoma uhandisi mitambo katika chuo kikuu cha Kikatoliki huwa na hofu moja kubwa, nayo ni kwamba vipindi vya falsafa, maadili na dini vitakula muda wa hesabu na wa karakana. Nimesoma katika chuo cha namna hiyo hadi kuhitimu, na ninaamini kwa dhati kwamba vipindi hivyo ni sehemu ya uhandisi wenyewe, mradi mwanafunzi aviingie kwa nia hiyo tangu muhula wa kwanza.

Tuanze na chanzo chake. Katiba ya Kitume, yaani hati rasmi ya Papa, iitwayo Ex Corde Ecclesiae, aliyoitoa Papa Yohane Paulo II mwaka 1990, inaagiza kwamba mtaala wa kila taaluma katika vyuo vikuu vya Kikatoliki uwe na malezi ya maadili ya taaluma hiyo. Inaagiza pia kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe, hivyo asiye Mkatoliki asisite kuomba nafasi. Darasani kwetu walikuwamo wenzetu wa dini na madhehebu mengine, na michango yao katika mijadala ya maadili ilitufaa sana.

Faida ya masomo hayo niliiona wazi tulipojadili ajali ya chombo cha anga cha Challenger. Katika somo la sifa za mata tulikuwa tumekwisha kujifunza kwamba mpira ukipata baridi kali hupoteza unyumbufu, yaani ukishabanwa huchelewa kurudi katika umbo lake. Mhadhiri wa maadili akaichukua hoja hiyohiyo na kutueleza kwamba jioni ya kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi walionya kuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za pembeni huenda zisifanye kazi katika baridi iliyotarajiwa, lakini wakuu wao wakaidhinisha safari. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafariki. Kisha tukaulizwa: ungekuwa mmoja wa wahandisi wale, ungeweka jedwali gani mezani, ungelieleza vipi kwa mtu asiyejua hesabu zako, na ungefanya nini baada ya kukataliwa? Maswali hayo hayajibiki bila kuzijua sifa za mpira, wala kuzijua sifa za mpira peke yake hakutoshi kuyajibu.

Kwa hiyo ninashauri uwe na daftari moja la maadili unaloingia nalo karakanani. Unapochagua kipimo cha usalama (yaani uimara uwe mara ngapi ya mzigo unaotarajiwa) cha boliti inayoshikilia mzigo juu ya vichwa vya watu, andika kwa nini umechagua 4 na si 2, na ni nani ataumia ukikosea.

Kuhusu masomo magumu nitasema machache. Thamodinamiki (elimu ya joto na nishati), mekanika ya vimiminika na nadharia ya mitetemo zote zinategemea hesabu na statiki (elimu ya kani kwenye vitu vilivyotulia) ya mwaka wa kwanza, na anayezembea kuchora kani zote zinazotenda kwenye kila kipande atataabika hadi mwaka wa mwisho.

Hata hivyo, jina la Kikatoliki lisikuzuie kukichunguza chuo. Uliza kama shahada yake imeidhinishwa na bodi ya wahandisi, na kama bodi hiyo ni mwanachama wa Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi wanachama hutambuliana shahada za uhandisi. Omba pia kuingia karakanani siku ya masomo. Itazame mashine ya kukereza kwa karibu: mikwaruzo kwenye taya zake, mafuta ambayo bado hayajakauka kwenye reli zake na vipande vya chuma vilivyokerezwa kwenye sinia lililo chini yake vitakuonyesha kwamba wanafunzi wanaitumia.

Mradi wa mwaka wa mwisho ndio mahali pa kuyakutanisha masomo yote. Papa Yohane Paulo II huyohuyo, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliandika kwamba teknolojia ni mshirika wa mfanyakazi, lakini yaweza kugeuka kuwa adui yake. Kama unabuni pampu ya kukanyaga kwa miguu, pima urefu wa pedali kwa mtu mfupi na kwa mtu mrefu, funika mnyororo usivute nguo, na tumia beringi ambayo fundi wa kawaida anaweza kuibadilisha. Ripoti ikikamilika, mpe pia mhadhiri wako wa maadili aisome kabla hujaiwasilisha idarani, kwa kuwa yeye ataulizia mtumiaji wa pampu hiyo mambo ambayo msimamizi wako, akiwa amezama katika mahesabu, anaweza kuyapita.