Nilikuwa namsimulia mbwa, mke wangu akasikia

Mi nilikuwa askari polisi, sa hivi nimestaafu niko zangu Mwanga hapa Kigoma, na nawaandikia nyie mlio bado kazini maana najua mnavyolala. Kuna wiki moja tulitoa maiti ziwani, mmoja mtoto mdogo kabisa, tukaandika maelezo, tukapeleka mochwari, kesho yake asubuhi paredi kama kawaida, hakuna aliyeniuliza kitu na hata angeniuliza ningejibu niko poa afande. Nyumbani nikawa wa kufokea watoto, usingizi hamna, nikipita Kibirizi nikasikia harufu ya dagaa nageuza baiskeli narudi.

Sasa kulikuwa na Bosko, mbwa wetu wa kulinda, wa kawaida tu yani koko. Nikitoka lindo la usiku nakaa nae mlango wa uani namkuna masikio, nikajikuta namsimulia. Siku moja mama watoto akasikia dirishani. Akatoka akakaa, akaniambia endelea baba fulani, nikamwambia naongea na mbwa bwana, akasema sawa we ongea nae, mi nakuna upande huu. Wiki ile ile akanisindikiza hospitali, na hapo nilikuwa nimegoma miezi, maana ukitaja daktari wa akili watu wanawaza Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma.

Baadae nikaja kujua Uingereza polisi wanafanya hivi rasmi, mbwa wao wanaitwa OK9. Mliozoea redio mmeshanasa, Oscar Kilo, yani herufi O na K zinavyotajwa redioni, ndo jina la huduma yao ya ustawi wa polisi, na K9 ukiitamka Kiingereza inasikika kama canine, yani mbwa. Mbwa anapimwa kwanza tabia kama ni mpole, afu anaeletwa kituoni na mwenzenu wa kazi aliyefundishwa kusikiliza. Hapo kwa mwenzenu ndo penyewe, mbwa anakukalisha chini, mtu ndo anapokea maneno. Bosko peke yake asingenipeleka hospitali.

Na sio mbwa tu. Washington State University kule Marekani mwaka 2019 walitoa utafiti wa wanafunzi, dakika 10 za kushikashika mbwa na paka zikashusha kotisoli, ile homoni ya stresi. Rafiki yangu wa Ujiji ni Muislamu, mate ya mbwa kwake najisi, kuosha mara saba na moja kwa udongo, nani ana muda huo kabla ya alfajiri? Yeye ana paka na anamsimulia vilevile.

Ila msije mkaenda kushikashika mbwa wa kikosi, yule yuko kazini, atakutoa mkono. Wa nyumbani mchanje kichaa cha mbwa kila mwaka, akikung'ata asiyechanjwa osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu kimbia hospitali usisubiri dalili. Na nyie wakubwa, msimuulize mtu hali yake mbele ya paredi, pale atadanganya tu.

Bosko alishakufa. Sa hivi nina mwingine, na kuna kijana wa kituoni anapita hapa akitoka zamu, anasema kaja kumuona mbwa. Namwekea chai, namwacha amkune.